Tyuna ya antena inagonga bila kushika: ninunue nyingine?

"Fundi, habari za kazi. Nina mashua ya tanga yenye mlingoti mmoja, mwili wake faiba, na redio ya SSB (ya kuongea masafa ya mbali) ya wati 150. Antena yangu ni ule waya wa chuma wa nyuma unaoshika mlingoti, umewekewa vihami viwili vya kuzuia umeme, na kati ya kihami na kihami ni mita 9.5. Tyuna ya otomatiki, kile kisanduku cha kupatanisha redio na antena, imefungwa chini ya sitaha, tezini. Mwaka jana kila kitu kilikuwa sawa. Siku hizi kwenye bendi za megahezi 4 na 8 tyuna inashika, ila kwenye 12 inagonga kama mvua juu ya bati, halafu redio inaandika kosa la SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa redioni). Kwenye 2 leo inashika, kesho haishiki. Hata inaposhika, wenzangu wananiambia sauti yangu iko mbali, ingawa mimi nawasikia vizuri sana. Tena nikibonyeza maiki, usukani wa otomatiki unageuka wenyewe. Sijabadilisha kitu, isipokuwa tulisogeza tyuna kidogo kupisha tangi la maji: waya unaopanda kwenye antena ulikuwa mita moja, sasa umepita mbili, na utepe wa shaba wa athi (njia ya umeme kwenda baharini) haukufika tena, tukauungia waya mnene wa betri wa mita mbili. Rafiki yangu anasema tyuna imekufa. Bei ya mpya inanitoa jasho. Ninunue?"

Ndugu nahodha, usinunue. Huenda siku moja nikakuambia ununue, lakini si kwa dalili hizi. Umenieleza mengi, na moja umelitaja kama la kupitia tu: "sijabadilisha kitu, isipokuwa". Mimi nimeanzia hapo kwenye "isipokuwa", na naona karibu yote mengine yamefuata nyuma ya lile tangi la maji.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya hicho kisanduku. Wengi hudhani tyuna inairekebisha antena. Haiigusi. Waya wako unabaki na urefu wake uleule. Redio imeundwa kusukuma nguvu kwenye mzigo wa omu 50, na waya wa mlingoti kwenye masafa mengi hauko karibu na omu 50 hata kidogo. Tyuna inakaa katikati kama mkalimani. Ndani yake mna koili na kapasita, kila moja maradufu ya iliyotangulia (1, 2, 4, 8 na kuendelea), na kila moja ina rilei yake ya kuiingiza au kuitoa. Koili nane tu zikipangwa hivyo zinatoa thamani 256, na kila thamani inaweza kujaribiwa pamoja na kila mpangilio wa kapasita. Ile mvua yako juu ya bati ni rilei zikijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, huku redio ikitoa wimbi dogo, wati kumi hivi, ili tyuna iwe na kitu cha kupima. Ikipata mchanganyiko unaofaa inanyamaza na kuukumbuka. Isipoupata inasalimu amri, na redio inakuandikia kosa.

Sasa sikiliza unachoniambia bila kujua. Inagonga, kwa hiyo umeme unafika. Inagonga pale redio inapoiamuru, kwa hiyo waya wa amri kutoka redioni u mzima. Inashika kwenye 4 na 8, kwa hiyo kipimo chake cha ndani kinafanya kazi na rilei nyingi ziko sawa. Ipo hali moja ya rilei ya koili fulani kuungua na kuharibu bendi moja tu, nitairudia. Lakini kwa sasa tyuna imesingiziwa uchawi.

Twende kwenye 12, maana ndiyo rahisi kuieleza kwa kalamu na karatasi.

Waya unaolishwa kwenye ncha yake una urefu mmoja ambao kila tyuna inauchukia: nusu ya urefu wa wimbi. Waya ukiwa nusu wimbi, mkondo unakuwa mkubwa katikati na karibu sifuri kwenye ncha zote mbili. Volti ni kinyume chake, ndogo katikati na juu kabisa kwenye ncha. Wewe unaulisha kwenye ncha, yaani pale penye volti nyingi na mkondo kiduchu. Ukinzani ni volti kugawanya kwa mkondo, basi unapata maelfu ya omu. Tyuna ya kawaida ya mashua inafika mahali haina koili wala kapasita za kushusha mlima huo hadi 50. Zile zinazojaribu kwa nguvu huishia kurusha cheche ndani.

Hesabu yake ni hii: gawanya 150 kwa masafa kwa megahezi, kisha punguza asilimia tano hivi, utapata nusu wimbi kwa mita. Kwa 12.3: 150 kugawanya kwa 12.3 ni 12.2, ondoa asilimia tano, 11.6. Sasa pima wako. Mita 9.5 za waya wa mlingoti, na mita mbili na kidogo za waya wa kupanda. Jumla 11.6. Umeangukia palepale.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na si wewe peke yako. Mtu anaona waya wa kupanda kama bomba la kupelekea umeme kwenye antena. Hapana. Ukishatoka kwenye kiungio cha tyuna, waya huo ni antena. Unarusha mawimbi, na urefu wake unahesabiwa. Ulipokuwa mita moja, jumla yako ilikuwa 10.5, na nusu wimbi yake inaangukia 13.6 megahezi, nje ya bendi ya baharini ya 12 inayoishia 13.2. Ilikuwa karibu na ukingo, lakini tyuna iliweza. Mlipoisogeza kwa ajili ya tangi, mliuvuta ule mlima mkauweka katikati ya bendi.

Hesabu hii si mzani wa sonara. Ganda la waya, ukaribu wake na vyuma vingine, hata athi yenyewe, vyote huusogeza mlima huku au kule. Ndiyo maana nitakuomba ujaribu kabla ya kukata chochote.

Sasa athi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko sauti yako inakopotelea.

Antena ya waya mmoja ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni bahari, na njia ya kwenda baharini ni ule utepe wa shaba. Kila ampea inayopanda kwenye waya lazima ipate ampea mwenzake upande wa athi. Ikikuta njia nyembamba haiachi kusafiri. Inatafuta njia nyingine. Inapitia ganda la kebo ya koaksi, ile inayotoka redioni kwenda kwenye tyuna, inafika redioni, inaingia kwenye nyaya za betri, na kutoka hapo inatembelea kila kilichounganishwa, ukiwemo usukani wako wa otomatiki. Kompyuta ya usukani inapokea mawimbi hayo kwenye waya wa dira na kuyasoma kama amri. Mashua inageuka, wewe unashangaa.

Waya mnene wa betri unaonekana mzito na wa kuaminika, na kwa umeme wa betri ndivyo ulivyo. Kwa mawimbi ya redio unene wa ndani haukusaidii kitu: kwenye masafa haya mkondo unatembea juu ya ngozi ya shaba, kina cha sehemu chache za mia za milimita. Kinachohesabiwa ni upana wa ngozi na, zaidi ya hapo, urefu wa njia. Kila mita ya waya ina mikrohenri moja hivi, wakati mwingine zaidi. Mita zako mbili kwenye 12.3 megahezi ni zaidi ya omu 150 za kizuizi, hata kama multimita inasoma sifuri. Kwenye 2 ni omu 27 hivi au zaidi. Multimita yako inapima kwa umeme wa betri yake ya volti tisa. Haijui lolote kuhusu mawimbi.

Nisikudanganye pia upande wa pili. Utepe wa sentimita 7 na nusu unaushinda waya, lakini si kwa kiasi watu wanachohubiri. Kwa mita mbili utepe unapunguza kizuizi kwa sehemu ya tano hivi, labda robo. Kinachoua ni mita mbili zenyewe. Faida nyingine ya utepe ni kwamba ukilazwa ndani ya mwili wa faiba, chini ya mstari wa maji, unashikana na bahari kupitia faiba kama bamba moja la kapasita linavyoshikana na mwenzake. Waya wa duara hauwezi kazi hiyo sawasawa.

Niliwahi kuitwa kwenye mashua moja nikiwa bado mchanga katika kazi hii. Dalili zilifanana na zako. Nilibadilisha tyuna, nikabadilisha kebo, nikabadilisha tyuna tena. Siku ya tatu nikalala kifudifudi kwenye ngama, chini kabisa ya mashua, nikaushika utepe wa shaba kwa vidole viwili. Kwa juu uling'aa, rangi nzuri tu. Nilipouinua ulikatika bila sauti, na upande wa chini ulikuwa kijani, unabonyea kama jani lililolowa. Sentimita kumi na tano za shaba zilikuwa zimeliwa na maji ya chumvi. Mwenye mashua alinilipa, lakini hakunitazama usoni. Tangu siku ile ninaanza na ngama.

Kwa hiyo kabla ya yote uinue utepe wako wote, hatua kwa hatua, mpaka unapoishia kwenye vali ya shaba nyekundu au boliti ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Legeza kila kiungio, sugua hadi chuma king'ae, kaza tena. Kama utepe unaunganisha shaba na metali nyingine zilizo majini, uache mwanya mdogo sehemu moja na kuuziba kwa kapasita kadhaa za kauri za mikrofaradi 0.1 zilizowekwa sambamba. Kwa mawimbi ya 2 megahezi kila moja ina kizuizi kisichofika omu moja, na kwa umeme wa kutu, ule unaozaliwa na metali tofauti zikiwa majini, ni ukuta. Ni kazi ya nusu saa, na itauokoa mkuku wako.

Kuhusu 2 inayoshika leo na kukataa kesho. Kwenye masafa hayo robo wimbi ni mita 33 hivi, nawe una 11.6. Antena yako huko ni fupi mno: ukinzani wake wa kurusha mawimbi ni omu tatu tu hivi, na juu yake ina tabia ya kapasita ya omu 800 na kitu. Tyuna lazima iweke koili kubwa kuifuta tabia hiyo, na ukisukuma wati 150 pale kwenye kiungio volti zinapita 2,000. Kwa volti hizo, utando wa chumvi kwenye kihami cha chini ni njia. Ukungu wa asubuhi ni njia. Ndiyo maana ninakuuliza: je, inashika baada ya mvua kubwa kuosha waya, na inakataa baada ya siku mbili za mawimbi kurusha maji? Kama ndivyo, osha vihami vyote viwili kwa maji baridi na kitambaa, na pia ile klipu inayokamata waya wa kupanda kwenye waya wa mlingoti. Hapo penye klipu ndipo kutu hujificha. Ifungue, usiitazame tu.

Ona pia hizi omu tatu zina maana gani kwa athi. Kama athi yako inapoteza omu 12, basi kati ya omu 15 ni tatu tu zinazorusha mawimbi. Katika kila wati tano, nne zinapasha joto mashua. Na hapa kuna jambo linalowashangaza hata mafundi: athi mbovu inairahisishia tyuna kazi. Omu 15 ni rahisi kufikisha kwenye 50 kuliko omu tatu. Kwa hiyo mtu anaweza kuona SWR nzuri, taa ya kijani, kila bendi imeshika kwa sekunde moja, na asisikike na yeyote. Mzigo bandia wa omu 50, yaani kipinga kinachofungwa mahali pa antena kwa majaribio, nao una SWR safi kuliko antena yoyote duniani, na hausikiki hata bandari ya jirani. SWR inakuambia kwamba redio imeridhika. Haikuambii nguvu imekwenda wapi.

Na kusikia vizuri hakuthibitishi kitu. Kwenye bendi hizi anga lenyewe lina kelele, radi za mbali zikivuma mchana na usiku. Antena ikipoteza tisa ya kumi ya nguvu, sauti ya mwenzako inapungua na kelele inapungua kwa kiwango kilekile, sikio halioni tofauti. Ukirusha, hasara hiyohiyo inazigeuza wati zako 150 kuwa 15, na yule wa upande wa pili ana kelele zake zisizopungua. Malalamiko ya "nawasikia lakini hawanisikii" tisa kwa kumi ni antena au athi, au betri.

Betri, ndiyo, tuimalize haraka. Redio ya wati 150 inakunywa ampea 25 hadi 30 kwenye vilele vya sauti. Weka multimita kwenye viungio vya nyuma ya redio yenyewe, siyo kwenye betri, kisha piga mluzi kwenye maiki huku ukiwa kwenye mzigo bandia. Redio nyingi zimepangiwa volti 13.6 zikivumilia asilimia 15 juu au chini, yaani mpaka 11.6 hivi. Ikishuka chini ya hapo sauti yako inayumba kama kinanda kilicholowa, na tyuna inaweza kusahau ilichoshika katikati ya neno.

Sasa namna ya kutafuta. Siri ni kukata njia vipande viwili na kuuliza kila kipande peke yake, badala ya kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Kabla hujabonyeza chochote, hakikisha hakuna mtu karibu na waya wa nyuma. Kuungua kwa mawimbi ya redio kunaingia ndani ya nyama na kunachelewa kupona. Tumia nguvu ya chini, sikiliza kwanza kama masafa yako wazi, na usijaribie kabisa kwenye masafa ya dharura: 2182, 4125, 6215, 8291, 12290 na 16420 kilohezi kwa sauti, pamoja na yale ya wito wa kidijitali.

Anza kwa kuitoa koaksi kwenye tyuna na kufunga mzigo bandia mwisho wake. Rusha. SWR ikiwa karibu na 1, redio na kebo vimeachiwa huru. Ikiwa mbaya, fungua viungio vya kebo; ukiona kijani kibichi kwenye nyuzi za ganda, kata mpaka ufikie shaba safi. Mara nyingi utakata zaidi ya ulivyotarajia.

Kisha irudishe koaksi, na uondoe waya wa kupanda kwenye tyuna. Mahali pake funga waya wa kawaida wenye ganda, wa mita 7, uupandishe kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) na kamba ya nailoni, mbali na mlingoti kadiri unavyoweza. Mita 7 nimezichagua kwa makusudi: nusu wimbi yake inaangukia 20 megahezi na kidogo, pasipo na bendi ya baharini. Jaribu 12. Ikishika mara moja, tyuna yako ni nzima na mlima wa nusu wimbi umethibitika. Uviringishe waya huo na uuhifadhi ndani. Siku mlingoti ukianguka ndio antena yako ya dharura.

Hatua ya tatu ni athi. Kata waya wa mita 5.8 kwa ajili ya 12, na mwingine wa 8.6 kwa ajili ya 8. Ni robo wimbi: 71 kugawanya kwa megahezi. Ziunge zote kwenye kiungio cha athi cha tyuna, zilaze kando ya sitaha zikielekea omo (mbele ya mashua), ncha zake zisiguse kitu wala mtu, maana nazo zina volti. Ondoa kwa muda ule waya wa betri. Rusha kwenye 8 na uutazame usukani wa otomatiki. Ukitulia, na wenzako wakisema umekaribia, umemkamata mwizi.

Kama hata baada ya waya wa mita 7 na athi hii ya muda 12 bado inakataa, pima volti kwenye viungio vya tyuna yenyewe wakati inagonga. Waya mwembamba wa umeme wa tyuna ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 13 rilei zikiwa zimelala na tisa zikiamka. Rilei yenye njaa haivuti.

Ukiyathibitisha haya, dawa yako ya kwanza, na ninayoipenda kuliko zote, ni kulisogeza tangi. Najua hukutaka kusikia hivyo. Lakini tyuna ikirudi ilipokuwa, waya wa kupanda unarudi mita moja, utepe unafika bila kiungo, na matatizo matatu yanaondoka kwa safari moja. Tangi haliwezekani? Basi tafuta njia fupi zaidi kwa waya wa kupanda, ukiuweka mbali na chuma cha sitaha na ule waya wa mlingoti chini ya kihami kwa vishikizo vya plastiki, na uondoe ule waya wa betri uweke utepe mmoja usio na kiungo mpaka mkukuni. Ukibaki na njia ndefu ya athi, acha nyaya za robo wimbi zibaki kabisa, zilazwe chini ya sitaha, moja kwa kila bendi unayotumia sana. Kwenye mwili wa faiba zinafanya kazi nzuri kuliko heshima zinayopewa.

Kuna atakayekushauri urefushe waya badala ya kufupisha. Piga hesabu kwanza. Ukifika mita 13, nusu wimbi inashuka hadi 11 megahezi na 12 inapona, lakini waya wa wimbi zima unafanya ukorofi uleule, na wimbi zima la mita 13 linaangukia karibu na 22, ambayo nayo ni bendi yako. Jumla ya 10.5 uliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa nzuri kuliko ulivyojua. Aliyeiweka aliijua kazi yake. Na usibadilishe waya wa kupanda kwa kipande cha koaksi kwa sababu kinaonekana nadhifu. Ganda lake linameza nguvu, na kwenye 2 volti zinaweza kukitoboa.

Pete za feraiti, za kuzuia mawimbi yasipite kwenye waya, kwenye nyaya za usukani na kwenye koaksi karibu na tyuna zinasaidia, pitisha waya ndani ya pete mara kadhaa. Ila zifunge baada ya kutengeneza athi. Ukizitanguliza utaziba mdomo wa mgonjwa ili usisikie anavyokohoa.

Yapo mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako kwa kusoma maneno yangu. Kuhamisha kihami maana yake ni kukata waya unaoshika mlingoti. Hiyo ni kazi ya fundi wa milingoti, mashua ikiwa imefungwa gatini. Kama mashua imewahi kupigwa radi au kuwa karibu na iliyopigwa, au unasikia harufu ya kuungua kwenye kisanduku, au kuna maji ndani, ipeleke kwa fundi wa redio mwenye meza na vipimo. Kuifungua baharini ni kuialika chumvi. Mashua ya chuma au ya alumini ina sheria zake za athi na kutu, usiige niliyoandika hapa kwa ajili ya faiba. Na chombo kinacholazimishwa kisheria kubeba redio hii lazima kikaguliwe na mtaalamu mwenye kibali, haijalishi wewe umeelewa kiasi gani. Mpaka utakapomaliza, usiihesabu SSB kama njia yako ya kuomba msaada: hakikisha VHF, redio ya masafa mafupi, inafanya kazi, na kile kifaa cha dharura cha setilaiti cha 406 megahezi kina betri isiyopitwa na tarehe.

Nilikuahidi kuirudia ile rilei moja. Ukishafanya majaribio yote manne, na 12 bado inakataa kwenye waya wa mita 7, na athi ya muda ipo, na volti ni 13 wakati wa kugonga, basi hapo ndipo ninapokubaliana na rafiki yako kwamba tyuna ina ugonjwa. Hata hivyo omba kwanza irekebishwe, rilei moja haina bei ya kisanduku kizima. Mpe fundi namba ulizoandika: SWR kwenye mzigo bandia, volti mbili ulizopima, bendi zilizoshika kwenye kila waya. Na mimi niandikie tu 12 ilisema nini kwenye zile mita 7.